Jedwali Lililomhamisha Mkunga

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Waraka umefika kutoka makao makuu! Kurasa saba, muhuri mwekundu. Kuanzia sasa kila halmashauri lazima iwe na Mratibu wa Masuala ya Idadi ya Watu katika Mipango. Yaani mtu wa kuhakikisha hatujengi shule pasipo na watoto wala hatuchimbi kisima pasipo na wanywaji. Wageni watakuja tarehe 17 kukagua tulivyojiandaa. Na mratibu atapewa ofisi. Ofisi yenye mlango!

Mimi ni Afisa Mipango Msaidizi. Miaka kumi na moja meza yangu iko koridoni, kati ya mashine ya kunakili na choo cha wageni. Kila anayetoka chooni hunipa mkono, na mkono umelowa. Basi cheo hiki ni changu, bado tu wenyewe hawajajua.

Mkurugenzi ametuita wawili, mimi na mtakwimu. Huyu mtakwimu ni binti aliyeletwa miezi mitatu iliyopita. Haongei, hacheki, kikokotoo hakimtoki mkononi. Kimoyomoyo namwita Bi Kikokotoo. Mkurugenzi akasema kila mmoja aandae jedwali lake: kila kata ina watu wangapi, wazee wangapi, watoto wangapi, wanawake wa umri wa kuzaa wangapi, na huduma ipi iende wapi. Mwenye jedwali zuri ndiye atakayesimama mbele ya wageni.

Bi Kikokotoo akaomba pikipiki, eti aende akahesabu. Nusura nicheke mbele ya mkubwa. Kuhesabu! Mtu mzima na akili zake!

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimemaliza. Saa nne asubuhi kazi imekwisha na chai sijanywa.

Njia yenyewe ni rahisi, ila inataka kichwa. Kabatini kuna mpango wa miaka kumi iliyopita. Nimechukua idadi ya kila kata nikaongeza robo. Kila kata robo, hakuna upendeleo. Kata ya juu, kule mlimani: watu elfu sita na mia mbili. Kata ya chini, kando ya mto: mia tisa na kumi. Nikapaka rangi. Kijani kwa penye wengi, njano kwa penye wachache. Limependeza mpaka mama wa chai akauliza kama ni kitambaa cha meza.

Mkorofi anaweza kusema kata ya chini siku hizi imefurika watu. Najua. Dada yangu mdogo anaishi hukohuko. Tangu kiwanda cha matofali kifunguliwe, bonde zima ni mabati matupu. Lakini hao wamejenga bila kibali. Mtendaji wa kata hawaandiki kwenye daftari la wakazi, maana ukimwandika mtu umemtambua, na ukimtambua kesho anakudai barabara. Kwa hiyo daftari lina watu mia tisa, na jedwali langu lina watu mia tisa. Nyaraka mbili zinakubaliana! Mnataka ushahidi gani tena? Kiofisi, dada yangu hayupo duniani. Nikimwona nitamtania.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Bi Kikokotoo amerudi jioni, matope mpaka magotini. Nikamuuliza kwa upole katoka wapi. Akasema bondeni, anahesabu nyumba kwa nyumba, kafika watu elfu mbili na hajagusa hata nusu. Nikamwelewesha, kama mkubwa anavyomwelewesha mdogo, kwamba watu wasio na kibali hawahesabiwi. Akaniuliza kama watoto wao nao walitakiwa kuomba kibali kabla ya kuzaliwa. Kisha akaendelea kunawa miguu. Jeuri hiyo! Tena kwenye bomba letu la ofisini!

Elfu mbili ni wengi. Lakini dawa nimeipata. Fomu yake ya mafuta ya pikipiki lazima ipite mezani kwangu. Nimeizika chini ya rundo, chini hata ya maombi ya likizo ya mwaka juzi.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Ala! Anakwenda kwa miguu. Mlinzi kamwona asubuhi kwenye mvua, daftari kalifunga kwenye mfuko wa plastiki kalibana kwapani, mwenyewe kalowa chapachapa. Mtu gani huyu?

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mke wangu kanilazimisha niende kumwona dada. Akasema mjomba mtu siku zote ni maneno tu, mguu haufiki. Nikaenda.

Dada ana mimba ya miezi minane. Hii ni ya pili. Ya kwanza, miaka miwili iliyopita, mtoto alizaliwa ameshafariki, na kwa muda wa miezi sita dada yangu hakuzungumza na mtu. Sisi ni wawili tu kwa mama yetu. Mimi ndiye niliyemlea. Nilimfundisha kuhesabu kwa vizibo vya soda. Leo nimemkuta amekaa mlangoni, miguu imevimba, anashona nguo ndogo ya njano, ananicheka kitambi.

Tukaenda zahanati yao. Chumba kimoja, benchi moja, na foleni inayozunguka jengo. Mkunga ni mmoja tu, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha, anaishi chumba cha nyuma hapohapo. Wiki hii peke yake kazalisha watoto kumi na mmoja. Alipojua natoka idara ya mipango akanikamata shati. Akasema ameandika barua nne kuomba mwenzake, hajajibiwa hata moja, kwa hiyo nikamsemee. Nikamwahidi. Mimi kwa kuahidi sijambo.

Kisha akaniweka pembeni. Akasema presha ya dada inapanda, asithubutu kuzalia nyumbani, dalili ya kwanza tu aletwe mbio. Dada alipoona nimenywea akanifariji yeye. Akasema, kaka, safari hii siogopi, mkunga yuko hatua thelathini kutoka kwangu. Amezihesabu.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Siku kubwa! Siku ya akili!

Niliamka na wazo. Jedwali peke yake halitoshi, kila halmashauri itakuwa na jedwali. Wageni wanataka kuona takwimu zikitenda kazi. Kwa hiyo tufanye uamuzi mmoja kabla hawajafika, uamuzi uliotokana na idadi ya watu, tuwaonyeshe umeshatekelezwa. Nikalitazama jedwali. Likanijibu lenyewe. Kata ya juu: watu elfu sita, mkunga hakuna. Kata ya chini: watu mia tisa, mkunga yupo. Dhuluma iliyoje!

Nikaingia kwa Mkurugenzi nikamwambia ahamishwe. Mkurugenzi akasimama. Akasema kumbe jengo hili lina mtu anayetumia kichwa kwa zaidi ya kuvaa kofia. Akasaini palepale. Tangazo la mlangoni nimeliandika mimi mwenyewe: mkunga amehamishwa kwa mujibu wa takwimu, wahusika waende kata ya juu.

Nilipofika koridoni ndipo nikamkumbuka dada. Nikakaa. Nikapiga hesabu. Dada anajifungua mwisho wa mwezi. Wageni wanakuja tarehe 17. Tarehe 18 mkunga anarudishwa kimyakimya. Dada ana siku kumi za akiba! Tena katikati hapo hakuna la kutokea. Chai imepita vizuri.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Bi Kikokotoo kaleta jedwali lake. Halina rangi hata moja. Kata ya chini: watu elfu saba mia mbili na kumi na tatu. Kata ya juu: elfu moja mia nne na themanini, na wengi wao wamevuka miaka sitini. Wenye nguvu wote wameteremka bondeni kufuata kazi na maji.

Mkurugenzi akatutazama kwa zamu, akauliza yupi kati yetu ndiye mwongo. Nikatoa nyaraka zangu. Zangu zina mihuri ya watendaji wa kata zote. Za binti zina matope. Nikasema kwa heshima kwamba takwimu za mwenzangu ni za kuokoteza. Binti hakubishana. Akasema kitu kimoja tu, tena taratibu, mbele ya wakuu wa idara wote: mkunga arudishwe leo, maana kule bondeni kahesabu wajawazito mia mbili na themanini, na baadhi yao siku zimefika.

Mkurugenzi akafuta miwani. Akasema tukimrudisha leo tutaonekana hatujui tunachokifanya, na wageni wako njiani. Nikasema naam, ndivyo hasa. Binti akaniangalia. Akaniuliza kama nina ndugu kule. Nikamjibu maswali ya familia si ya kikao.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Nimepanda kata ya juu kupiga picha za wageni. Saa mbili za kupanda kwa miguu, magoti yanalia. Nilitaka mkunga kazungukwa na wajawazito, wote wanatabasamu.

Mtendaji wa kata, mzee mpole mwenye fimbo, akaniuliza wajawazito wa wapi. Mjukuu wa mwisho kuzaliwa kule sasa yuko darasa la tano. Tukazunguka nyumba hadi nyumba. Vikohozi, fimbo, na milango iliyofungwa kwa waya. Hatimaye mama mmoja wa miaka hamsini na minane akajitolea kufunga mto tumboni. Alicheka mpaka mto ukateremka magotini. Nimepiga picha tisa, moja itafaa ikikatwa.

Mkunga hakucheka. Alikaa kwenye kiti kipya, mikono mapajani, hana la kufanya. Akasema hajawahi kupumzika hivi tangu aajiriwe na hajawahi kuumwa roho hivi. Akaniuliza dada yangu anaangaliwa na nani. Nikasema mipango inaendelea. Akauliza ipi. Nikasema inaendelea. Akageuza uso dirishani.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Ugomvi nyumbani. Mke wangu anasema wifi yake aje akae kwetu, kutoka kwetu hadi hospitali kuu ni robo saa. Hajui ni nani kamhamisha mkunga, anajua tu kahamishwa, na anamlaani mhusika tangu asubuhi mpaka nikashindwa kumeza. Nikamwambia wazo ni zuri mno, ila chumba cha wageni kimejaa chati za maonyesho, bado hazijakauka gundi. Dada aje Jumanne, tarehe 18. Siku tano tu!

Akauliza gundi na mtoto kipi kitangulie. Nikasema asiikuze habari. Amelala chumba cha chati, katikati ya chati, kwa hasira. Kata mbili zimekunjamana.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Nimefunga tai mara arobaini mbele ya kioo. Nimefanya mazoezi ya kusema "kwa kuzingatia mahitaji ya makundi yote ya watu". Inatoka vizuri nikiinua kidevu. Mkurugenzi anataka kesho tufanye mazoezi ya mwisho ukumbini, simu zote zizimwe. Bi Kikokotoo hakualikwa. Yuko bondeni, anamalizia mtaa wa mwisho, sijui anamhesabia nani.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Sijui nianzie wapi. Nitaandika kama ripoti.

Jana saa sita mchana dada alishikwa na uchungu. Umekuja mapema. Shemeji, mume wake, akamkokota mpaka zahanati. Hatua thelathini. Mlango una kufuli. Tangazo linasema waende kata ya juu. Kata ya juu ni saa mbili kwa mtu mzima asiye na kitu tumboni.

Shemeji alinipigia simu mara kumi na saba. Nilikuwa ukumbini. Nilikuwa nainua kidevu.

Waliyempata ni Bi Kikokotoo. Alikuwa nyumba ya nne kutoka pale na daftari lake. Alilitupa chini. Yeye na wanawake wa mtaani wakambeba dada juu ya mlango waliouvunja, wakapita naye kwenye matope mpaka barabarani. Binti akasimama katikati ya barabara, lori la matofali lisimame au limkanyage. Likasimama. Mtoto akazaliwa juu ya lori, penye kona ya soko. Mtoto wa kike. Alilia mara moja, sauti ndogo. Bi Kikokotoo alimvua dada mtandio akamfunika mtoto, akawa anampulizia mdomoni njia nzima. Hospitali daktari akasema wamechelewa kwa dakika ishirini.

Dada yu hai. Alivuja damu nyingi, lakini yu hai.

Nilifika na suti na tai. Mke wangu alikuwa kapiga magoti anafuta sakafu, ingawa pana mhudumu wa kufuta. Dada alikuwa mweupe midomo. Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa baridi. Akasema, kaka, wewe uko ofisini, wewe unawajua wakubwa. Akaniomba nimtafutie ni nani aliyemwondoa mkunga.

Nikasema nitafuatilia.

Nimelia chooni hospitalini. Nimelia kweli, mpaka mtu akagonga mlango. Nilimwona mpwa wangu. Ana vidole virefu kama vya mama yetu.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Mazishi yalikuwa saa tatu asubuhi. Wageni nao saa tatu. Nilimtuma mtu apeleke shada la maua na salamu. Nilidhani wageni wangemaliza mapema nikawahi japo udongo wa mwisho. Hawakumaliza mapema. Walikuwa wanauliza sana.

Nilizungumza vizuri. Sijui sauti ilitoka wapi. Walipenda rangi. Walipenda picha ya mama mwenye mto. Mkuu wa msafara, mama mmoja mwenye kalamu tatu, akasema hajawahi kuona halmashauri inayogeuza takwimu kuwa vitendo ndani ya siku saba. Kisha akauliza, tangu mkunga ahamishwe, kata ya chini kumetokea kifo chochote cha mtoto mchanga?

Mkurugenzi alinitazama. Watu wote walinitazama. Nikatazama jedwali.

Nikajibu, hakuna. Na ni kweli! Kona ya soko iko kata ya kati. Mtoto alizaliwa kata ya kati na kafariki kata ya kati. Kwenye mstari wa kata ya chini hakuna kilichobadilika. Nikanywa glasi mbili za maji, wakadhani ni joto. Wakapiga makofi.

Bi Kikokotoo hakuwepo. Alikuwa makaburini, nimeambiwa. Walimwosha mtoto yeye na mke wangu.

Jumanne, tarehe 18 Machi

Nilikwenda kwa Mkurugenzi kumkumbusha habari ya kumrudisha mkunga kimyakimya. Akanishangaa. Uhamisho ule umeshaandikwa kwenye ripoti ya makao makuu, halmashauri nyingine kumi na mbili zitaletwa kuuona. Hauguswi kwa miaka mitano. Akanipa mkono. Mkono mkavu kabisa! Mimi ndiye Mratibu.

Nilitaka kufurahi. Ilikuja nusu.

Ofisi ina mlango, na mlango una kitasa. Nimeufunga na kuufungua mara nyingi.

Jumatano, tarehe 19 Machi

Mke wangu kajua. Sijui kaambiwa na nani, ofisi nzima inajua. Hakupiga kelele. Alikunja nguo zake tano akaziweka kwenye mfuko, anakwenda kukaa na wifi yake mpaka apone. Chati zote kazitoa chumbani kaziweka sebuleni, zimepangwa vizuri, hajachana hata moja. Ningefurahi angechana.

Mlangoni akasema hajamwambia dada. Akasema hilo ni la kusema mimi, kwa mdomo wangu, kabla ya Ijumaa kwisha. Nikamuuliza itakuwaje presha ya mgonjwa. Akasema Ijumaa.

Nimekula mkate mkavu nimesimama.

Alhamisi, tarehe 20 Machi

Nimeandika nitakachomwambia dada. Rasimu ya kwanza ilikuwa mstari mmoja. Nikaiona fupi mno, haina utangulizi. Rasimu ya pili ina utangulizi, hali halisi, changamoto na mapendekezo. Neno "mimi" limetokea mara tisa. Rasimu ya tatu nimeliondoa. Inasomeka vizuri zaidi.

Bi Kikokotoo alipita mlangoni kwangu. Nikamwambia karibu. Akasimama nje. Akasema ameandika barua ya nne kuomba mkunga arudi, nakala yangu hii. Nikamuuliza, kwa kuwa sasa mimi ni mkubwa wake, kwa nini anajisumbua. Macho yake yalikuwa mekundu. Akasema mtoto yule alikuwa mzito kuliko anavyoonekana. Basi. Akaondoka.

Nimeipokea barua. Nimeiweka kwenye rundo.

Ijumaa, tarehe 21 Machi

Nimekwenda. Nimetimiza, asije mtu akasema sikwenda.

Dada alikuwa amekaa kitandani, mto mgongoni. Mke wangu aliponiona akatoka nje, akamvuta na shemeji. Tukabaki wawili. Nguo ya njano ilikuwa haipo. Dada akaniuliza kama nimemjua mtu yule.

Nilifungua mdomo. Wallahi nilifungua mdomo kusema. Rasimu ilikuwa mfukoni. Lakini alivyokuwa ananitazama, vilevile kama zamani akisubiri nimwambie vizibo ni vingapi, ulimi ukawa mzito. Nikasema si mtu, ni takwimu. Zililetwa takwimu mbovu. Akauliza ofisini kwetu anayeshika takwimu ni nani.

Nikasema, mtakwimu.

Ni jibu sahihi. Muulizeni yeyote, mshika takwimu ni mtakwimu!

Dada akaniambia, polepole kama anayemwambia mtoto, kwamba mkunga alishuka jana kwa miguu kutoka kule juu kuja kumpima. Akamweleza yote. Nani alibuni, nani aliandika, nani alikwenda kupiga picha. Akasema alikuwa hataki kumwadhibu mtu. Alitaka tu kaka yake aje, akae hapa kitandani, aseme. Angelia, kisha wangelia wote, kisha yangekwisha. Akasema amenisubiri tangu asubuhi kachana nywele.

Kisha akageukia ukutani. Akaniomba nifunge mlango nikitoka.

Mke wangu alikuwa uani anafua mashuka. Nikampungia. Hakuona, alikuwa na povu.

Nimerudi moja kwa moja ofisini. Dada amechoka, damu imempungua, mtu wa namna hiyo usimchukulie maneno. Nitakwenda tena hali ikitulia, labda baada ya mafunzo ya mwezi ujao. Makao makuu wananitaka nikawafundishe wenzangu wa halmashauri kumi na mbili namna ya kupanga maendeleo kwa kuzingatia watu. Kazi ndiyo dawa ya majonzi. Nimefungua faili la kwanza la uratibu wangu: mapitio ya majengo ya huduma, kata kwa kata.

Nimeanza na zahanati ya kata ya chini. Wiki nzima hakuna mama hata mmoja aliyejifungulia pale. Takwimu zenyewe zinasema. Nimependekeza ifungwe.